Sura ya Sita ya Mbalamwezi

Silver Spring, Maryland
9 Juni 2024

Shemeji Rosalie,

Ndani ya bahasha hii utakuta sura ya sita ya kitabu cha Ineza. Nakiita kitabu cha Ineza, ingawa kikichapishwa kitakuwa cha kila mtoto asomaye Kiswahili, kwa sababu yeye ndiye msomaji wake wa kwanza na, hadi leo, wa pekee.

Tangu mlipohamia Oxon Hill baada ya msiba, darasa langu la Jumamosi pale kanisani limebaki na watoto wanaoshushwa mlangoni kama mizigo, nao hunijibu kwa Kiingereza hata ninapowauliza majina yao. Ineza ndiye aliyekuwa akibishana nami. Mtoto wa miaka kumi anayetaka kujua kwa nini fisi lazima awe mjinga katika kila hadithi ni hazina, na sikukubali umbali, ambao kwenu ni treni moja na basi moja, uninyang'anye. Ndiyo maana natumia posta. Aliniambia kwamba sanduku lenu jipya la barua huletewa matangazo ya pitsa tu.

Kwa kuwa hujapata nafasi ya kusoma sura zilizotangulia, nitakueleza kwa ufupi. Msichana aitwaye Mbalamwezi anaishi katika nchi ya miamba myekundu, nchi niliyoibuni kwa kufuata masimulizi ya Wadine, ambao wengi huwaita Wanavaho. Baba yake amefariki. Anasafiri akiongozwa na Bibi Buibui, mfumaji aliyewafundisha watu kufuma, na kusumbuliwa na mbweha wa jangwani ambaye hasemi kweli mara mbili mfululizo. Katika sura hii ya sita Bibi Buibui anampa sharti: asilitaje jina la baba yake. Jina la marehemu ni kamba, anamwambia, na anayeivuta hajui kitakachokuja upande wa pili. Kivuli kitakuja kimevaa viatu vya marehemu, nacho kitachukua pumzi ya yule anayependwa zaidi nyumbani.

Naona ndiyo sura bora niliyopata kuandika. Wadine huchukulia kwa uzito mkubwa suala la kuwataja wafu, na nimesoma mengi kabla ya kuthubutu kuligusa.

Kazini hakuna jipya. Bado natafsiri mahakamani Upper Marlboro, nikiwasemea watu wawili wasiosikilizana ambao hata wangesikilizana wasingepatana. Ni miezi minane sasa tangu mwenzetu atangulie. Wewe ulimpoteza mume, mimi rafiki ambaye tuligawana chumba na sufuria moja kabla hamjaoana. Watu huniuliza naendeleaje, nami huwajibu kwamba naendelea.

Msalimie Ineza. Mwambie nangoja pingamizi zake kwa maandishi.

Shemeji yako,
Kimutai


Oxon Hill
23 Juni 2024

Shemeji Kimutai,

Merci kwa bahasha. Ineza aliifungua akiwa bado amesimama pale chini kwenye masanduku, na begi la shule mgongoni.

Wewe una simu, mimi nina simu, na bado unaandika barua kama askofu. Lakini sawa, kwa sababu mtoto anapenda, na mimi pia sasa naandika na najiona kama mtu wa maana. Utanisamehe Kiswahili changu, ni cha Uvira, hakikuenda chuo kikuu.

Nilisoma sura hiyo mimi mwenyewe, salo, nyinyi mnasema sebuleni, kabla ya kwenda kwa mzee ninayemtunza. Nina ombi moja. Ibadilishe. Huyo Mbalamwezi amtaje papa yake kwa jina, kwa sauti, na kusitokee jambo baya lolote. Uandike upya na utume haraka. Kwako si kazi kubwa. Kalamu ni yako, na bibi huyo wa buibui atasema chochote utakachomwambia aseme.

Usiniulize sababu. Ni ombi la shemeji yako.

Rosalie


Silver Spring
30 Juni 2024

Shemeji Rosalie,

Nimelisoma ombi lako kwa heshima inayostahili, na jibu langu ni hapana. Niruhusu nieleze, kwa sababu hapana isiyo na sababu ni ukorofi.

Kwanza, umekosea kusema kwamba Bibi Buibui atasema chochote nitakachomwambia. Huyo si mali yangu. Nimemwazima kutoka kwa watu ambao ardhi yao ilichukuliwa, watoto wao wakapelekwa kwa nguvu katika shule za bweni na kukatazwa lugha yao, na sasa hadithi zao huvaliwa na kila mwandishi kama kofia ya sikukuu. Nikiazima sharti lao halafu nikalivunja kwa sababu linamkera msomaji mmoja, nitakuwa nimejiunga na msafara uleule.

Pili, nahisi, na unisahihishe nikikosea, kwamba ombi hili limetoka kanisani. Mchungaji Zefania aliwahi kuniambia kwamba hadithi za mababu wa watu wengine huwafungulia watoto milango isiyofaa. Nilimwuliza kama mababu wake mwenyewe walikuwa na milango inayofaa, na hatujazungumza tangu Pasaka. Mkristo ana haki ya kuamini kwamba wafu huitwa kwa majina yao na kufufuka. Hana haki ya kudai kwamba kila kitabu kiamini hivyo.

Tatu, watoto si dhaifu kama tunavyodhani. Ineza ataelewa tofauti kati ya sharti la hadithi na sharti la maisha. Sijawahi kukutana na akili kali zaidi katika umri ule.

Sura ya saba iko njiani. Mbalamwezi anavuka korongo bila kutamka neno lolote.

Kimutai


Oxon Hill
21 Julai 2024

Kimutai,

Nimekaa wiki nyingi bila kukujibu kwa sababu ningekujibu vibaya.

Haikutoka kanisani. Zefania hajui hata kama kitabu kipo.

Ineza hasemi jina la papa yake. Sasa ninakuambia, maana unapenda sababu. Hasemi na hataki mtu mwingine aseme. Nikianza tu, anatoka salo na kwenda kukaa bafuni. Juzi nilimtaja Gad katika sala ya chakula, kama tunavyofanya siku zote, na mtoto akaruka kutoka kwenye kiti chake akanifunika mdomo kwa mkono. Mkono wenye wali. Nikamwuliza, "Ineza, una nini weye?" Akasema kwa Kiingereza nisimalize. Alikuwa haniangalii mimi, alikuwa anaangalia mlango.

Picha yake ameigeuza, inatazama ukuta. Halii. Hajalia tangu mazishi. Walimu wake wanasema ni mtulivu sana, na wanasema kama ni sifa.

Nilienda nikatafuta sura zako kitandani kwake. Ile ya sita imekunjwa na kukunjuliwa mpaka karatasi imelegea kama kitambaa. Ndipo nikakuomba ubadilishe. Nilidhani utafanya tu, bila mimi kuandika haya yote. Wewe ukanipa kwanza, pili na tatu.

Sasa sikia kilicho mbele yangu. Tarehe kumi na mbili Oktoba tunafanya kuganduka, kumaliza kilio. Wewe Mkalenjin labda hujui: kwetu kilio hakiishi chenyewe. Watu wanarudi baada ya mwaka, wanakula, wanakunywa, wanasema mambo ya marehemu, nguo zake zinagawiwa, halafu mjane anaruhusiwa kuishi. Katika familia ya Gad, mtoto mkubwa wa marehemu anasimama mbele ya wote, anamtaja baba kwa jina, anasema, mimi ni mtoto wa fulani. Mtoto mkubwa ni Ineza, na mdogo hakuna. Kaka ya Gad, Boniface, anatoka Maine na wazee wawili. Amesema katika simu, "Mtoto asiposimama, tumemaliza nini?"

Mtoto anaogopa. Kivuli chako kinakuja kuchukua pumzi ya anayependwa zaidi nyumbani, na katika nyumba hii tuko wawili tu. Unafanya hesabu?

Rosalie


Oxon Hill
25 Agosti 2024

Shemeji,

Umenyamaza mwezi mzima. Sura ya nane haikuja na Ineza anashuka kuangalia sanduku kila siku. Kama umekasirika, kasirika na mimi.

R.


Silver Spring
8 Septemba 2024

Shemeji Rosalie,

Sikukasirika. Ingekuwa afadhali ningekasirika. Niliisoma barua yako ya Julai nikiwa nimesimama jikoni, kisha nikasonga ugali, nikala, nikaosha sahani. Kesho yake nilikwenda mahakamani na kutafsiri talaka ya watu wawili kutoka Bukavu neno kwa neno, bila kosa. Nilikuwa nikingoja barua ile iniumize, ili nijue pa kuanzia kujibu. Haikuuma. Nimekuwa hivi tangu mwaka jana, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa, unajua ni wako, basi.

Niliona njia pekee iliyobaki ni kumwuliza mwenye mila. Pale mahakamani yupo wakili wa mashauri ya mirathi, Bi Tso, Mdine aliyezaliwa Arizona. Huwa tunasalimiana. Wiki iliyopita nilimfuata kwenye benchi la nje alipokuwa akila chakula cha mchana, nikamsimulia kitabu changu. Nakuandikia mazungumzo yetu kwa Kiswahili, kadiri ninavyoyakumbuka.

Nilipofika kwa mbweha, aliinua mkono. "Subiri. Hizo unazisimulia sasa?"

"Nimeziandika tangu Januari."

"Nauliza sasa, Septemba. Nyoka bado wako macho. Nyumbani kwetu hadithi hizo ni za majira ya baridi, baada ya jalidi ya kwanza. Bibi yangu angekutupia kiatu."

Nikamwambia kwamba kuandika si kusimulia. Alicheka mpaka akaweka uma chini. "Ungefaa kuwa wakili, na ungeshindwa kesi hiyo."

Nikamweleza sharti la jina na kivuli chenye viatu. Hapo hakucheka. Aliniuliza kivuli kile nimekipata wapi. Nikamtajia vitabu. Akauliza ni kitabu kipi kilichosema kwamba kinachukua pumzi ya anayependwa zaidi. Nilifikiri sana, Shemeji, na ilinibidi nikiri kwamba hilo nililitunga mwenyewe, kwa sababu sura ilihitaji hofu.

"Basi hilo ni lako," akasema. "Lichukue. Usitubandikie sisi."

"Lakini sharti la kutowataja wafu ni kweli?"

"Kweli kwa nani? Mjomba alipofariki, hatukumtaja siku zile nne za mwanzo. Baadaye shangazi yangu hakumtaja tena mpaka leo, na ukimtaja mbele yake anaondoka. Mama yangu husimulia utani wake mezani, kwa jina lake na sauti yake. Nyumba moja hiyo. Usinifanye mimi kuwa taifa zima, bwana. Nimekuja hapa kula."

Nikamweleza habari za Ineza. Akasema, "Umemwuliza yeye?"

"Mama yake anasema anaogopa."

"Sikuuliza mama yake anasema nini."

Nilikuwa tayari na hoja kuhusu watoto na kutoweza kwao kueleza hofu zao, lakini alitazama saa akaingia ndani.

Kwa hiyo narudisha nyuma sehemu ya yale niliyokuandikia. Kuheshimu mila bado ni wajibu, sitalegeza hapo. Ila kile nilichokuwa nikikitetea hakikuwa mila ya mtu yeyote. Kilikuwa mtindo wangu. Nimeambatisha barua ya Ineza. Isome kwanza, ukiona inafaa, umpe.

Kimutai


Silver Spring
8 Septemba 2024

Mpendwa Ineza,

Nakuandikia kama mwandishi anayemsahihisha mwandishi, na mwandishi huyo aliyekosea ni mimi.

Katika sura ya sita nilisema kwamba anayelitaja jina la marehemu huita kivuli, nacho huchukua pumzi ya mtu. Wapo Wadine wasiopenda kuwataja wafu wao, na wana sababu zao, ambazo si zangu kuzieleza. Lakini kivuli kile chenye viatu nilikitengeneza mimi, mezani kwangu, kwa sababu niliona sura imepoa. Hakipo. Mama yako yuko salama, na pumzi yake ni yake. Unaweza kulitaja jina la baba yako wakati wowote na mahali popote.

Kama una swali, uliza. Wewe huwa nalo.

Ami yako, yule unayemwita Tonton,
Kimutai


Oxon Hill
15 Septemba 2024

Tonton Kimutai,

Naandika Kiswahili mwenyewe. Mama anasaidia maneno magumu tu.

Nimesoma barua yako. Una uhakika? Ulisema kivuli hakipo. Hukusema kama hakuna mtu anayekuja. Hayo ni mambo mawili.

Tena wewe mwenyewe husemi jina lake. Nimeangalia barua zako kwa Mama, ziko katika droo ya vijiko. Unaandika mwenzetu. Unaandika marehemu. Mama analisema jina lenyewe lakini wewe hapana. Kwa hiyo na wewe unajua kitu.

Fanya hivi. Fungua mlango wa nyumba yako. Kaa kwenye kiti. Sema jina lake lote. Subiri. Baadaye niandikie kilichotokea. Useme ukweli, usitengeneze kitu kwa sababu imepoa.

Ineza


Silver Spring
22 Septemba 2024

Mpendwa Ineza,

Nimefanya kama ulivyoagiza.

Jana alasiri nilifungua mlango wa nyumba yangu mpaka mwisho, nikauzuia kwa kamusi. Nilikaa kwenye kiti kinachotazama ukumbi wa ghorofa. Nikasema, "Gad Gahungu." Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, kama ninavyoita majina ya watu mahakamani. Nikasubiri.

Mtu wa kwanza kupita alikuwa jirani yangu, Mzee Cosmas wa Mbeya, amebeba unga. Akasimama. "Bwana msomi, unamngoja nani?"

Nikamwambia simngoji mtu.

"Basi funga mlango, unapoza ukumbi mzima. Au umeme unalipiwa na serikali?"

Alipoondoka nililitaja tena, kwa sauti kubwa zaidi. Kisha nikalitaja kama nilivyokuwa nikimwita tulipokaa pamoja, anapochelewa kutoka bafuni. Nilisubiri mpaka chai yangu ikawa baridi.

Hakuna kilichokuja. Kivuli hakikuja, na baba yako hakuja. Uliniomba ukweli, kwa hiyo nitakuambia na hili: nilitarajia kwamba angalau nitalia, kwa maana sijawahi. Na kilio hakikuja. Niliondoa kamusi, nikafunga mlango.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jina halimwiti mtu yeyote, Ineza. Huna haja ya kuogopa.

Kimutai


Oxon Hill
29 Septemba 2024

Shemeji Kimutai,

Sijui nikushukuru au nikutukane, kwa hiyo nitakueleza tu.

Alisoma barua yako Alhamisi alipotoka shule. Alisoma amesimama, akaikunja, akaja jikoni akasema kwa Kiswahili, "Hakuja." Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Umeona sasa? Jina haliui mtu. Hakuna cha kuogopa."

Akasema, "Mimi sikuwa naogopa, Mama."

"Sasa ulikuwa unafanya nini miezi yote hii?"

"Nilikuwa nalitunza."

Sikuelewa. Nikazima jiko, nikakaa chini. Akanieleza polepole, kama mimi ndiye mtoto. Anasema umeandika jina ni kamba. Kamba ukiivuta kila siku inakatika. Mimi nilikuwa naivuta kila siku katika sala, hovyo, wakati wali uko mdomoni, na yeye aliona itaisha. Au papa atakuja kweli, lakini saa mbaya, sisi tuko kazini na shuleni, na mlango umefungwa. Akasema, "Tena hajui tulihama. Anajua Silver Spring tu. Atatafuta kule."

Nikamwuliza kwa nini basi hataki kuganduka. Akasema siku ile watu wote watamwita kwa pamoja, katika ukumbi wa kanisa, siyo nyumbani. Atakuja akute wageni wanakula, na Tonton Boniface amevaa koti lake. Atadhani hatukumngoja.

Alikuwa amechagua siku yake. Siku theluji ya kwanza itakapoanguka, shule ikifungwa, basi langu lisipokuja, tukiwa wote wawili ndani. Hapo alitaka kusema mara moja tu. Kile kivuli cha kuchukua pumzi hakukiamini hata kidogo. Alisema, "Hiyo Tonton aliiweka ili watoto wadogo waogope."

Nikasema, "Na ile picha uliyogeuza?"

"Nilikuwa namwona kila nikipita. Ningesema kwa bahati mbaya."

Ndipo akaanza kulia. Kimutai, alilia na viatu vya shule miguuni. Nilipigia watu wa kazi simu nikasema siji, yule mzee atafutiwe mtu mwingine. Alilia akalala, akaamka akalia. Tangu mazishi sikuwahi kuisikia sauti hiyo, nilikuwa nimesahau kama ana sauti kubwa hivyo. Mimi nilikaa pembeni nimeshika mguu wake. Mimi nilikuwa mkavu. Nilikuwa nawaza kwamba wali utaungua, na jiko nilikuwa nimeshalizima.

Ulimwambia ukweli, na ukweli ndio aliuomba. Lakini sisi wakubwa wawili tulikuwa tunamwondolea hofu, na kumbe alichokuwa nacho siyo hofu. Tumemwondolea kile kingine.

Kuganduka kuko palepale. Sijui kama atasimama. Simlazimishi, na Boniface nimemwambia anyamaze. Ukumbi uko nyuma ya kanisa letu hapa Oxon Hill, saa nane mchana. Njoo. Wewe ndiye ulikaa naye kabla yetu sote.

Rosalie


Silver Spring
4 Oktoba 2024

Shemeji Rosalie,

Barua hii niliianza kwa hoja, nikazifuta. Nikaianza kwa kuomba radhi, na radhi yenyewe ikageuka kuwa hoja, nikaifuta pia.

Bi Tso aliniambia nimwulize mtoto. Sikumwuliza. Nilimweleza. Hata alipouliza yeye, nilijibu swali ambalo nilikuwa nimekwisha kuliandaa.

Kitabu nimekisimamisha. Sijui kama nitakimaliza. Kama Ineza atataka sura zilizobaki, atazipata wakati wa baridi, nami nitamwuliza kwanza zielekee wapi. Kama hataki, zikae.

Nitakuja tarehe kumi na mbili.

Kimutai


Oxon Hill
20 Oktoba 2024

Tonton Kimutai,

Nilikuona. Nilikuwa dirishani na gari lako lilikuwa karibu na pipa la takataka, na wewe ulikuwa ndani umevaa tai. Nikamwambia Mama, "Tonton amefika." Mama akasema, "Mwache, ataingia." Akakuwekea sahani, nyama na ndizi, akaifunika. Tulipotoka gari halikuwepo. Sahani alikula Tonton Boniface.

Mama hajakasirika. Anasema watu wengine wanafika hadi hapo tu.

Kwa sababu hukuingia nitakuambia yaliyotokea.

Watu walikuwa wengi. Wazee walisema Kirundi na sikuelewa yote. Mmoja alisema kwamba Papa alipokuwa mdogo aliuza mbuzi wa jirani akidhani ni wa kwao, na watu wote wakacheka, na Mama akacheka mpaka akashika meza, halafu akawa analia. Ilikuwa mara ya kwanza namwona. Mchungaji akampa kitambaa na Mama akasema, "Niache, Zefania, nimengoja sana."

Nguo ziligawiwa. Koti Tonton Boniface alilijaribu, mikono ni mifupi. Walimpa mtu mwingine. Mimi nilichukua sweta ya kijivu, na hakuna mtu aliyeniuliza.

Baadaye Tonton Boniface akasema, "Sasa mtoto." Mama akasema, "Akitaka." Wote wakaniangalia. Nilitaka kwenda bafuni lakini bafu ya kule iko mbali.

Nikasimama. Nikasema, "Mimi ni Ineza, mtoto wa Gad Gahungu."

Nikasubiri, kama wewe ulivyosubiri. Kulikuwa na mtoto anachezea kijiko. Hakuna aliyekuja. Nilijua, uliniambia. Lakini nilisubiri.

Mzee mmoja akasema, asante binti, kaa. Mama pia akaonyesha kiti. Sikukaa. Nikasema tena, "Gad Gahungu."

Tonton Boniface akasema mara moja inatosha.

Ninajua inatosha. Sikuwa ninamwita.

Ineza